Nimemfundisha Vitundu vya Vifungo Tu, Sasa Anaamini Hana Akili

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na salamu utanisamehe nitazileta mwishoni, maana nikianza na salamu nitapata mwanya wa kubadili mawazo na barua hii itaishia chini ya godoro.

Mimi ni mwanamke mtu mzima, mjane, na kazi yangu ni kufundisha wafanyakazi wapya katika kiwanda cha mashati, na kiwandani kote wananiita Mwalimu ingawa darasa langu ni chumba kimoja tu nyuma ya stoo, chenye cherehani sita, moja yao mbovu inakata uzi kila ukiigusa, na dirisha lililozibwa na maboksi ya vifungo. Mtu akiajiriwa, kabla hajapangwa kwenye mstari kule ukumbini, anapitia kwangu, namwonyesha namna ya kukaa mgongo usimuume, namna ya kuweka mguu, namna ya kuongoza kitambaa bila kukivuta, na tangu nianze kazi hiyo nilikuwa nafundisha shati zima, kutoka mshono wa bega mpaka kifungo cha mwisho, kwa sababu hivyo ndivyo nilivyofundishwa mimi na mama mmoja, Mungu amrehemu, ambaye alikuwa akisema asiyejua shati linaishaje hawezi kulianza vizuri.

Shida ya kiwanda chetu, mshauri, ni kwamba watu hawakai. Mji unakua, viwanda vinafunguliwa kila kona, na ng'ambo ya barabara, ukitoka getini kwetu unakiona, kuna kiwanda kikubwa kuliko chetu, kinalipa zaidi kidogo na kina basi la kuwarudisha watu majumbani, basi wangu wakishaiva tu wanavuka. Wengine wanakwenda kufungua vibanda vyao vya ushonaji, wengine wanaacha kwa hasira bila hata kujua wanakwenda wapi, mradi waondoke. Walikuwa wanakuja kuniaga, "Mwalimu, riziki imeniita," nami nawajibu, "Nenda mwanangu, ila huko usinitie aibu, mshono unyooke," na kusema kweli nilikuwa nafurahi, nikipita mitaani nasikia "Mwalimu! Mwalimu!" kutoka kwenye vibanda, najiona mama mwenye watoto mji mzima.

Meneja wetu hakuwa anafurahi. Ni kijana mstaarabu, simsemi vibaya, na yeye ana mwenye kiwanda anayemkalia shingoni, siku moja akaniita ofisini akanivutia kiti mwenyewe.

"Mama, mimi namlipa mtu miezi anajifunza, ananiharibia kitambaa, anavunja sindano, nanyamaza. Akishajua, anavuka barabara. Hapa si kiwanda tena, hapa ni shule ya jirani, tena shule ya bure."

Nikamwambia, "Sasa meneja, niwafanyeje? Niwafunge kamba miguuni?"

Akacheka, kisha akaacha kucheka. "Usiwafunge. Wafundishe kipande. Wa kola ajue kola, wa mkono ajue mkono, wa mfuko ajue mfuko, basi. Kule ng'ambo mtihani wao wa kuingia ni shati zima. Mtu asiyejua shati zima atakwenda wapi?"

Halafu akaniambia nikimshikia watu wake, mkataba wa kudumu ni wangu, na hapo mshauri inabidi uelewe kwamba tangu mume wangu afariki mimi ni mtu wa mikataba midogo midogo, kila ukiisha nakaa roho juu nikingoja kuitwa, na macho yangu yameanza kuingia ukungu, tundu la sindano siku hizi nalitafuta kwa kubahatisha, na mwenye mkataba wa kudumu ana matibabu, asiye nao ana pole. Sitakudanganya kwamba nilisitasita. Nilikubali kabla hajamaliza kusema.

Na dawa yake ilifanya kazi. Watu walikaa. Walijaribu kuvuka, walikuwa wanaomba ruhusa wakisema tumbo linauma, wanakwenda ng'ambo kufanya mtihani, na kesho yake wanarudi kwenye mashine zao wameinamisha vichwa, hawasemi. Mmoja tu, kijana wa mikono ya mashati, ndiye aliyenisimulia, akasema, "Mwalimu, walinimwagia vipande vya shati mezani, nikavitazama kama mtu aliyepewa mifupa ya mnyama asiyemjua." Tukacheka wote wawili, mimi kicheko changu sikijui kilitoka wapi. Kuna siku binti wa kola aliugua homa na mstari mzima ukasimama, mashati hayana shingo yamejaa mezani, hapakuwa na mwingine anayejua, ikabidi meneja mwenyewe aje mbio kunitoa darasani nikakaa kushona kola mpaka jioni, lakini hata siku ile hakuna aliyeuliza kitu, wote walidhani ndivyo kiwanda kilivyo.

Ningeweza kuishi na hayo, mshauri, na ningekufa nayo bila kukuandikia. Kinachonimaliza ni mtoto wangu.

Nina mtoto wa mdogo wangu, binti, nimemlea tangu akiwa shule ya msingi kwa sababu kwao walikuwa wengi na kwangu hakukuwa na mtoto, ananiita mama mkubwa na mimi namwita Sindano, jina nililompa mwenyewe kwa wembamba wake na kwa jinsi asivyokaa mahali. Tunaishi chumba kimoja, pazia katikati. Alipokuwa mdogo alikuwa anakaa chini ya meza yangu anaokota mabaki ya vitambaa anayashona kwa mkono, alimshonea mdoli wake gauni lenye mfuko, mfuko mshauri, nani alimwonyesha mfuko? Alipokosa nafasi ya kuendelea na masomo nikamwombea kazi kiwandani, akaingia darasani kwangu kama wengine. Siku ya kumpangia kipande, meneja alikuwa amesimama mlangoni. Nikampa vitundu vya vifungo.

Kama hujui, hicho ndicho kipande kidogo kuliko vyote, shati linakujia limeshakamilika, wewe unalisukuma chini ya mashine, inatoboa na kudarizi kitundu, unalisogeza, inatoboa tena, kisha unampa jirani. Nikajiambia mengine nitamfundisha nyumbani, cherehani ninayo, tena nzima kuliko za kiwandani. Sikumfundisha. Mwanzoni nilisema nimechoka, baadaye nikasema meneja akisikia atasema Mwalimu anavunja sheria kwa ajili ya ndugu yake, na kama nitaandika yote basi niandike na hili, kwamba kila nilipofikiria anavuka barabara na kupata mshahara wa kupanga chumba chake, niliona kile chumba chetu kitakuwa kikubwa mno kwangu.

Mwaka ukapita akishona vitundu. Siku moja ya mapumziko akavaa gauni lake la heshima akaniambia anakwenda kumtazama rafiki. Alirudi mchana, akakaa kitandani hajavua viatu.

"Mama mkubwa, mimi sina akili."

"Nani kasema?"

"Hakuna aliyesema. Nilikwenda ng'ambo. Wamenipa vipande nikaweka mkono wa kulia kushoto. Nikafumua, nikaweka vilevile tena. Msimamizi wao akaniuliza, 'Dada, kweli umefanya kazi kiwandani mwaka mzima, au umetudanganya?' Alikuwa haniulizi kwa ubaya. Alikuwa ananihurumia."

Mshauri, hapo ndipo palikuwa pa kusema. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Nikafungua mdomo, na kilichotoka ni hiki: "Usijali mwanangu. Si kila mtu kajaliwa kushona. Hata vitundu ni kazi."

Akanishukuru. Akanishika mkono akanishukuru.

Tangu siku ile amebadilika. Hasemi sana, hachezi na mabaki ya vitambaa, akipewa chenji dukani ananiletea mimi nihesabu. Na wiki iliyopita msimamizi wa ukumbi alinijia darasani, akaniambia Sindano ameomba ahamishiwe usafi, afagie ukumbi na kumwaga taka za nyuzi, na wanataka kusikia kwangu kwanza kwa sababu mimi ndiye niliyemfundisha. Watu wa usafi wanalipwa chini ya wote na kazi zikipungua wao ndio wa kwanza kuonyeshwa geti. Nilipomuuliza nyumbani akanijibu kwa upole, "Mama mkubwa, ufagio hauna mtihani."

Nikasema basi, nitamfundisha kimyakimya bila kumweleza chochote, akishajua mambo yataisha yenyewe. Siku ya mapumziko nikafunua cherehani, nikamwita, "Njoo nikuonyeshe kola, ni rahisi tu." Akasema, "Acha, mama mkubwa, utajichosha bure, mimi sishiki," akaenda kuosha vyombo, na vyombo vyenyewe vilikuwa visafi.

Ndipo nilipofika. Ng'ambo wametundika tangazo getini kwao, mwezi ujao wanaajiri tena watu wenye ujuzi, nafasi ni nyingi. Mwisho wa mwezi huu meneja ananipa mkataba wangu nitie sahihi. Msimamizi anangoja jibu langu kuhusu ufagio. Nikimwambia mtoto ukweli atanichukia, na ana haki, na akiropoka kiwandani kwa uchungu wake wote watajua na mkataba utaota mbawa. Nisipomwambia ataendelea kunipenda huku anafagia. Nimwambie, mshauri? Au kuna njia ya kumfundisha bila kumwambia?

Na sasa salamu. Mimi sijambo kidogo, natumaini nawe hujambo.

Mwalimu wa Vipande


MSHAURI ANAJIBU

Mwalimu, salamu zimefika, za mwisho na zimelowa machozi, nimezipokea. Mimi sijambo. Sasa kaa vizuri mgongo usikuume, kama unavyowaambia wanafunzi wako, maana sitakubembeleza sana.

Swali lako la mwisho umeshalijibu mwenyewe. Unauliza kama kuna njia ya kumfundisha bila kumwambia, na mistari michache juu yake umenieleza kwamba ulijaribu akaenda kuosha vyombo safi. Hiyo njia imefungwa, na aliyeifunga ni wewe siku ile uliposema si kila mtu kajaliwa. Mtu aliyeambiwa hana akili na mtu anayemwamini kuliko wote duniani hawezi kukaa kwenye cherehani akajifunza kola. Atashindwa kabla hajaweka mguu, ili asikupotezee muda. Kwa hiyo ukweli kwanza, kola baadaye. Mficha uchi hazai.

Na usiniletee hoja ya chuki kana kwamba ni jambo geni. Ndiyo, atakukasirikia. Ulitaka akuchekee? Umemchukua mtoto aliyemtilia mdoli mfuko ukamfanya mtu mzima anayeogopa kuhesabu chenji. Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao, ila wewe umechuma, na wa kwako ndiye anayekula peke yake. Hasira yake itakuwa dalili ya kwanza kwamba amepona. Anayejiona mjinga hakasiriki, anaomba ufagio.

Nimeshakugombeza, sasa nikwambie pole, na naisema kwa moyo. Najua kodi ya nyumba hailipwi kwa dhamiri safi. Najua ni kitu gani kuwa mjane unayengoja kuitwa kila mkataba ukiisha, na ukungu machoni, na kijana mwenye adabu anakuvutia kiti. Wengi wanaosoma ukurasa huu wangekubali kama ulivyokubali, na wengine wangemalizia sentensi ya meneja kwa niaba yake. Hukuzaliwa mtu mbaya. Ulitishwa, na mtu aliyetishwa hushika kinachokuja mkononi.

Lakini kuna mstari mmoja katika barua yako umeuficha katikati ya mingine kama mtu anayeficha kitambaa kilichoungua pasi, na huo ndio nilioukodolea macho. Umesema chumba kingekuwa kikubwa mno kwako. Mwalimu, hapo meneja hayumo. Meneja alikuwa mlangoni siku moja tu, siku nyingine zote za mwaka mlangoni ulikuwa umesimama wewe. Meneja anawanyima watu ujuzi ili wasiondoke kiwandani, nawe ulimnyima mtoto ili asiondoke nyumbani, mbinu ni moja. Hili nalo umwambie. Usimwambie nusu, ukamtwika meneja mzigo wote halafu wewe ukabaki mama mkubwa aliyeonewa. Akija kuligundua mwenyewe baadaye, hapo ndipo utampoteza kweli.

Sasa kazi.

Leo hii, kabla hujamwambia mtoto lolote, nenda kwa msimamizi umwambie jibu lako kuhusu ufagio ni hapana. Akikuuliza sababu, mwambie aliyemfundisha hakumaliza kufundisha. Huo ni ukweli na hauhitaji maelezo.

Kisha mketishe mtoto, mchana, siku ya mapumziko, vyombo vikiwa vimeshaoshwa asipate pa kukimbilia. Useme kwa maneno machache. Niliambiwa nisiwafundishe shati zima, nikakubali kwa ajili ya mkataba. Wewe nilikupa vitundu kwa woga, na nikakuacha hapo kwa sababu sikutaka uhame. Uliposhindwa kule ng'ambo ulishindwa kitu ambacho hukufundishwa, nami nilijua, nikanyamaza. Basi, funga mdomo. Usilie kabla yake, maana ukilia wewe kwanza atalazimika kukubembeleza, na ameshakubembeleza vya kutosha. Usimwombe asiseme kiwandani. Siri hiyo ni ya kwake sasa, na ukimwomba aifiche utakuwa umemwajiri upya kwenye kazi ile ile.

Unaniuliza kuhusu mkataba. Mkataba si dhambi, na macho yako yanahitaji daktari. Ila usiutie sahihi kabla hujazungumza na meneja, na usiende kwake kama mtu anayeungama. Nenda na ile siku ya kola. Mkumbushe mashati yaliyokaa mezani bila shingo na yeye mwenyewe akikimbia kukutafuta. Muulize, siku Mwalimu akiugua je? Mwambie watu wanaojua kipande kimoja wamekaa kwa sababu hawana pa kwenda, na mtu wa hivyo siku akipata upenyo hata wa kuuza maji barabarani ataondoka bila kuaga. Kama anataka wakae kwa hiari, aongeze mshahara hata kidogo, au atafute basi kama la jirani. Akisema hana uwezo wa hayo, basi angalau kila mmoja ajifunze kipande chake na cha jirani yake, wakizunguka hivyo mwaka hauishi watakuwa wanalijua shati. Huyo kijana si mkatili, nimemsoma. Anamwogopa mwenye mali kama wewe unavyomwogopa yeye. Mpe hoja atakayoipeleka juu.

Na akikataa katakata? Akikwambia chagua, wafundishe vipande au hakuna mkataba?

Hapo nina jambo la kukuuliza, Mwalimu, na nimelingoja tangu mwanzo. Lile tangazo la ng'ambo linasema wanahitajika watu wenye ujuzi. Ulilisoma ukamwaza Sindano, ukamwaza meneja, ukawaza mkataba. Hivi katika mji huo nani anajua shati zima kuliko wewe? Hao wanaosahihisha mtihani kule, nusu yao si wanafunzi wako? Umewavusha watu barabara ile mpaka ukasahau kwamba nawe una miguu. Sikwambii uvuke. Umri ni umri, macho ni macho, na kule nako watakuuliza hayo. Nakwambia nenda kaulize, siku moja, kwa gauni lako la heshima, halafu ndipo uingie ofisini kwa meneja. Anayejua mlango wa pili uko wapi huzungumza kwa sauti nyingine. Wewe unalijua hilo kuliko mtu yeyote, maana huo ndio mlango uliowazibia wenzako.

Wale wengine, wa kola na wa mikono na wa mifuko, nao wana haki yao. Siwezi kukusamehe kwa niaba yao. Kijana yule aliyekusimulia habari ya mifupa ulicheka naye, anza na huyo. Mwite darasani saa ya chakula, umuonyeshe vipande vinavyoungana. Atakuuliza kwa nini sasa. Mjibu.

Turudi kwa Sindano, maana najua ndipo moyo wako ulipo. Siku utakayomwambia, kabla hujaanza, funua cherehani, tia uzi, weka vipande vya shati mezani, bega, mkono, kola, vyote, kisha ukae wewe kwenye kiti cha cherehani na umwambie. Akipiga kelele, kaa. Akinyamaza, kaa. Akitoka nje akabamiza mlango, usimfuate mitaani, usitume jirani, kaa hapo hapo. Huenda asirudi mchana huo, huenda akalala kwa rafiki, na chumba kitakuwa kikubwa kama ulivyoogopa, utakaa ndani yake nawe utaona kwamba hujafa.

Akirudi, usimuulize alikuwa wapi. Simama, umpishe kiti.